Gorogoro Lililobondwa Kitako

Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, huuza maharagwe katika soko la Gakoromone. Alhamisi moja aliniita kibandani, akaninyooshea simu juu ya magunia. "Kijana wangu, hizi ni herufi au ni siafu?"

Kitabu kilichokuwa kwenye simu kilikuwa chake mwenyewe: methali za Kimeru na maelezo ya Kiswahili. Ndani ya maelezo, vile viwimbi vya juu ya ĩ na ũ havikuonekana kabisa, na Mmeru ukimnyang'anya kiwimbi umembadilishia neno. Fundi wa Nairobi aliyetengeneza faili alikuwa amelipwa yote mapema, basi jibu lake likawa moja: simu ya Mwalimu ni ya bei rahisi. Sikumpenda tangu hapo.

Hatua za kurekebisha faili kama hiyo ni tatu. Kwanza weka nakala ya faili, kisha uifungue kwa Sigil au Calibre. Zote ni za bure, kwa hiyo usimpe senti anayekuuzia programu ya "kitabu kwa dakika tano". Pili, ingia kwenye faili ya mitindo na utoe kila ukubwa uliopimwa kwa pikseli au pointi. Hivyo ni vipimo visivyobadilika. Kwenye simu anayeamua ni msomaji, nawe unapima kwa em: em 1 ni ukubwa wa herufi za sehemu iliyolibeba neno lako.

Nikatafuta pikseli, sikupata hata moja. Kila mahali em 0.8, yaani asilimia 80. Asilimia 80 huzaa siafu? Siku mbili nilizunguka hapo, mpaka nikarudi sokoni kuomba radhi. Mwalimu alikuwa anamsuta mchuuzi mwenzake: "Gorogoro lako limebondwa kitako, halafu unampimia mama wa watu nusu ya hilo hilo!"

Nusu ya lililokwisha kupunguzwa! Maelezo yalikuwa na 0.8, ndani ya orodha yenye 0.8, ndani ya sura yenye 0.8. Zidisha: 0.512. Msomaji akichagua pikseli 16, anapewa kama 8. Ningeweza kutumia rem, ambayo hupima kutoka mzizi wa ukurasa bila kujali tabaka za katikati, ila vifaa vingine vya zamani haviijui. Nikaiacha 0.8 kwenye maelezo peke yake, nikaifuta kwenye sura na orodha. Mistari miwili, basi.

Ya tatu ni kujaribu kwenye simu duni, juani. Mwalimu alikuza herufi hadi methali moja ikajaza kioo, akaisoma kwa sauti, mteja akisubiri chenji. Kisha akanyamaza, akavaa miwani.

"Hii nimeikosea mimi. Utanirekebishia bure, sivyo?"