Asilimia ya Mavuno: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Mwanafunzi wa Kemia wa Chanji

Mkulima wa Chanji akisema amevuna magunia kumi ya mahindi, swali linalofuata ni moja: ekari ngapi? Mmenyuko wa kikemikali nao huulizwa hivyo. Umepata kiasi gani, kati ya kiasi gani ulichostahili kupata?

FANYA

1. Sawazisha mlinganyo kabla ya kushika kikokotoo.

2. Badili gramu ziwe moli. Moli moja ya kalsiamu kabonati ni gramu 100, kwa hiyo gramu 50 ni nusu moli. Ikiungua yote itatoa nusu moli ya kalsiamu oksidi, yaani gramu 28. Hayo ndiyo mavuno ya kinadharia. Mizani ikionyesha 21, gawa kwa 28, zidisha kwa 100: asilimia 75.

3. Tafuta kitendanishi kinachoisha kwanza. Ukiwa na plau tatu na maksai wanne, na kila plau huvutwa na wawili, zitakazoingia shambani ni mbili. Ya tatu usiihesabu.

4. Kausha, pima, kausha tena, mpaka uzito usibadilike.

5. Fuatilia kilichopotea. Wafua chuma wa Ufipa walijenga malungu, matanuru ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, wakayeyusha mawe ya chuma kwa makaa, kisha wakasafisha walichopata katika tanuru dogo, kintengwe. Kila kilo 160 za oksidi ya chuma, Fe₂O₃, zina kilo 112 za chuma. Tanuru halikuzitoa zote. Sehemu iliondoka na mavi ya chuma. Nawe onyesha yako ilikoenda: imebaki kwenye karatasi ya kuchujia, imemwagika, au mmenyuko haukufika mwisho?

USIFANYE

1. Usigawe 21 kwa 50. Gramu 22 zilikuwa za kaboni dayoksaidi, nazo zingeondoka hata kama kazi yako haina doa.

2. Usishangilie asilimia 107. Ukipata gramu 30 mahali pa 28, hujabarikiwa: kalsiamu kabonati haijaungua yote. Rudisha motoni.

3. Usichanganye wingi na usafi. Maji yaliyomo kwenye chumvi huongeza uzito tu.

4. Usipike namba. Anayeandika 98 kwa sababu jirani yake ana 97 amefuta kosa ambalo lingemfundisha.

5. Usiandike "makosa ya kibinadamu" ukanyamaza. Taja kosa lenyewe, taja hatua lilipotokea, na useme limepunguza mavuno au limeyaongeza. Ukishindwa kusema hivyo, rudia jaribio.