Viwanda vya Petrokemikali na Hesabu ya Sumu Zake

Kiwanda cha petrokemikali hufanya kazi gani hata kikahitaji kufuatiliwa?

Ndicho kinachochukua gesi na mafuta yaliyotoka ardhini kikayageuza kuwa malighafi ya ndoo, mabomba na nguo za nailoni. Gesi ya ethani huchanganywa na mvuke katika tanuri lenye joto la nyuzi takriban 850, hata ikavunjika kuwa ethilini. Moto huo hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, na fauka ya hayo, katika maungio ya mabomba, vali na matangi hupenya mivuke kama ya benzini, isiyoonekana kwa macho, nayo imethibitika kuleta saratani.

Sumu hizo zilianza lini kuandikwa daftarini?

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ilipovuja katika kiwanda cha dawa za wadudu mjini Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu, ilidhihirika kuwa majirani hawakujua kilichowekwa nyuma ya ukuta ule. Msiba huo uliisukuma Marekani kutunga sheria ya mwaka 1986, inayovilazimu viwanda kutangaza kila mwaka sumu vinazotoa. Illa hesabu hiyo huandikwa na mwenye kiwanda mwenyewe, aghalabu kwa makadirio, na hapo ndipo ninapoona udhaifu wake mkubwa.

Je, satelaiti hazitoshi?

Zinasaidia sana: huona usiku miali ya gesi inayochomwa juu ya minara, na Sentinel-5P, iliyorushwa mwaka 2017, hupima methani duniani kote. Walakini haziwezi kutwambia mtoto anavuta nini darasani. Kando ya mto Mississippi, huko Louisiana, baina ya Baton Rouge na New Orleans, viwanda vimepangana kwa kilomita zipatazo 137. Na katika mji wa Reserve, vipimo vilivyowekwa mwaka 2016, kimoja karibu na shule ya msingi, vilionyesha mara nyingi kemikali iitwayo kloropreni iliyopita kiwango cha mikrogramu 0.2 kwa mita moja ya ujazo wa hewa. Kipimo cha kweli, kwa rai yangu, ni kile kinachosimama penye ua wa kiwanda, na matokeo yake yakasomwa na kila jirani.

Raia asiye na maabara atafanya nini?

Diane Wilson, mvuvi wa kamba wa pwani ya Texas, pamoja na wenzake, walikwenda mwambaoni mwa ghuba ya Lavaca, karibu na kiwanda cha Formosa Plastics, wakaokota punje za plastiki ndogo mfano wa dengu, wakazitia mifukoni, wakaandika siku na mahali zilipopatikana, kisha wakazipeleka mahakamani zikawa ushahidi. Mwaka 2019 hakimu aliwapa haki; kampuni ikakubali kulipa dola milioni 50 na kutomwaga plastiki tena, na kila ukiukaji unaothibitika baada ya hapo hutozwa faini.