Somo la Vikundi: Mwanamke Anaposafiri Peke Yake

Masomo: Ruthu 2:1-23, Waamuzi 19:14-28



Akina mama wengi wa Milola husafiri peke yao. Wapo wanaokwenda Lindi mjini kwa matibabu au biashara, na wapo wanaoendelea hadi Kilwa kwa semina, msiba au kuona ndugu. Tukifikiria hatari za safari, jibu letu mara nyingi huwa moja: "Asiende." Jibu hilo lina gharama yake. Mama asiyesafiri hukosa soko, huchelewa kutibiwa, na nafasi yake ya kuwakilisha kikundi huchukuliwa na mwingine. Basi tujiulize: usalama wake ni kazi ya nani?

1. Neno linatufundisha nini

Ruthu alikuwa mjane na mgeni kutoka Moabu. Alimuaga Naomi, akatoka peke yake kwenda kuokota masazo, na Naomi hakumzuia. Boazi alichukua hatua kabla baya lolote halijatokea. Alimwambia Ruthu afuatane na wasichana wake, akawaagiza vijana wasimguse, na akamruhusu kunywa maji waliyoteka (2:8-9). Tuzingatie kwamba agizo la kutomgusa walipewa vijana. Jioni Naomi alimuuliza alikuwa wapi siku ile.

Gibea ilikuwa kinyume. Mzee mmoja aliwakaribisha wasafiri ili wasilale uwanjani. Watu waovu walipoizunguka nyumba, mwanamume alilindwa, mwanamke akatolewa nje. Kwa hiyo kuwa na mwenyeji tu hakutoshi. Anahitajika mwenyeji anayemhesabu mwanamke kuwa mgeni wake kamili.

2. Mfano wa Kilwa Kivinje

Katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, baadaye Wajerumani wakaweka utawala wao hapo. Leo baadhi ya majumba ya zamani ni magofu, na usiku vichochoro vya jirani havina watu. Msafiri wa basi la barabara kuu hushukia Nangurukuru, kisha hutafuta usafiri mwingine. Kwa hiyo:

- Panga safari ili ufike Nangurukuru mchana.
- Mwachie mtu wa nyumbani jina la basi, saa ya kuondoka na namba ya simu ya mwenyeji wako.
- Mwenyeji aje kukupokea, au akutajie mapema jina la atakayemtuma.
- Ukipotea njia, ingia dukani au waulize akina mama walioketi barazani. Usimfuate mtu usiyemjua anayekupitisha njia ya mkato kwenye magofu.
- Katika nyumba ya wageni, kagua kitasa na komeo kabla ya kulipa.
- Ukivuka kutoka Masoko kwenda kuona magofu ya Kisiwani, ambayo ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981, pata kibali na mwongozaji. Patana nauli na saa ya kurudi kabla ya kupanda mashua.

3. Baya likitokea

Aliyebakwa afikishwe hospitali mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Fomu ya PF3 hutolewa polisi. Aulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Asiende peke yake. Tukianza kwa kumuuliza alivaa nini, au nani alimruhusu kusafiri, tunamtoa nje kama walivyofanya Gibea.

4. Maswali ya kujadili

a) Katika kijiji chetu, nani anafanya kazi ya Boazi, yaani kuwaonya vijana mapema?
b) Mama mgeni akishuka Milola usiku, atalala wapi, na nani atampokea?
c) Ni safari zipi ambazo akina mama wa kikundi chetu wameziacha kwa hofu?

Kazi ya kufanya: Kila kikundi kipate mwenyeji mmoja mwanamke wa kuaminika Lindi mjini, Kivinje na Masoko, awe Mkristo au Mwislamu, na namba yake iandikwe katika daftari la kikundi kwa idhini yake. Wanaume wa kikundi wazungumze na vijana wa bodaboda kabla ya kikao kijacho, kisha walete taarifa.

Mungu awabariki.