Nyanya Loisi na Mwalimu Wetu

Somo la wiki. Soma kwanza: 2 Timotheo 1:3-7 na 3:14-15, Matendo 16:1-3, Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Waamuzi 2:10.

Wiki hii hakuna muhtasari wa mahubiri ya Jumapili. Mchungaji ameniomba niandike somo, kwa sababu Jumamosi tulimzika Mwalimu na wengi wetu bado tuna uchovu wa matanga. Jina lake sitaliandika. Huku kwetu ukisema "Mwalimu" bila kuongeza lolote, kuanzia sokoni mpaka stendi ya matatu, kila mtu anajua unamsema nani, na mwenyewe hakupenda kutajwa madhabahuni. Nataka tumwangalie kupitia mstari mmoja wa Biblia ambao tumezoea kuupita haraka.

Paulo anaandika barua yake ya pili kwa Timotheo akiwa kifungoni, na anajua safari yake imefika mwisho (4:6). Mtu aliye mahali kama hapo haandiki maneno ya kujaza karatasi. Lakini angalia, hata hajafika mstari wa sita na tayari amemtaja nyanya ya Timotheo kwa jina: Loisi. Biblia yetu inasema "bibi", na sisi Wakenya tukisoma hapo tunadhani Timotheo alikuwa na mke. Hapana, ni nyanya. Neno la Kigiriki ni *mamme*, na katika Agano Jipya lote linaonekana mara hiyo moja tu. Hatuambiwi Loisi alihubiri mkutano gani, wala aliombea mgonjwa gani akapona. Tunaambiwa tu kwamba imani yake haikuwa na unafiki.

Sasa, kwa Kigiriki mnafiki ni mtu wa jukwaani, yule anayevaa kinyago na kuigiza mtu mwingine mbele ya watazamaji. Imani ya Loisi haikuwa mchezo wa kuigiza. Hebu jiulize, nani anaweza kutoa ushahidi kama huo? Mimi naweza kumdanganya mchungaji. Naweza kudanganya kikundi cha maombi miaka kumi, nikipiga makofi na kunena kwa lugha, na mtu asijue. Mtoto anayelala nyumbani kwangu siwezi kumdanganya hata wiki mbili. Anasikia ninavyoongea na simu nikidhani amelala. Anajua kama sadaka niliyotangaza niliitoa. Shahidi wa imani ya Loisi ni mtoto aliyekulia mikononi mwake.

Na nyumba yenyewe haikuwa rahisi. Matendo 16 inasema mama yake Timotheo alikuwa Myahudi aliyeamini, lakini baba yake alikuwa Mgiriki, na kijana alikuwa hajatahiriwa. Mji wa Listra ndio ule ambao watu walitaka kuwachinjia Barnaba na Paulo ng'ombe wakidhani ni miungu Zeu na Herme, halafu hao hao wakakubali kushawishiwa na Paulo akapigwa mawe (Matendo 14). Luka hataji sinagogi yoyote mle. Kwa hivyo usifikirie kanisa kubwa lenye idara ya watoto. Fikiria wanawake wawili, nyanya na mama, na mtoto mmoja. Paulo anasema Timotheo alijua Maandiko tangu utoto (3:15), na neno alilotumia la mtoto ni lile lile Luka anatumia kwa mtoto aliyelazwa horini, na kwa yule aliyeruka tumboni mwa Elisabeti. Yaani mtoto mchanga kabisa! Walianza kabla hajajua kuketi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mwalimu.

Alianza kufundisha kabla ya Uhuru, akiwa msichana ambaye hata chuo hakuwa amepitia, halafu akaenda kusomea kazi. Alipitia mtihani wa CPE, akapitia mwaka wa 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipoingia na walimu wakaambiwa wafundishe ushonaji na useremala bila vifaa. Sisi wa rika langu tunamkumbuka zaidi enzi za maziwa ya Nyayo, yaliyoanza 1979, zile pakiti za pembe tatu. Alikuwa anagawa mwenyewe, na anahakikisha mtoto amekunywa palepale, kwa sababu alijua wakubwa wangewanyang'anya wadogo njiani. Kusoma alitufundisha kwa a-e-i-o-u na ba-be-bi-bo-bu, hesabu kwa vizibo vya soda. Neno "mjinga" sikulisikia kinywani mwake hata siku moja.

Kwenye mazishi tulisikia mengi mazuri, ya kweli. Lakini mazishi yetu yana tabia ya kumfanya kila marehemu malaika, na Mwalimu hakuwa malaika. Kiboko alikuwa nacho. Ni mwaka wa 2001 ndipo serikali ilipopiga marufuku kiboko shuleni. Siku zetu kilikuwa sehemu ya kazi, na chake kiliuma.

Nilikuwa darasa la tatu. Pesa za karatasi za mtihani zilipotea mezani kwake, shilingi chache tu, lakini wakati huo zilikuwa pesa. Kulikuwa na kijana mmoja wa nyumba maskini sana, shati limechanika mgongoni, na darasa lote lilimgeukia yeye. Mwalimu akamchapa. Kesho yake asubuhi tukiwa kwenye paredi, shule nzima imepanga mistari, akaja mbele akamwita yule kijana kwa jina. Akasema mfuko wa koti lake ulikuwa umetoboka na pesa zimepatikana ndani ya kitambaa. Akasema, "Nilikuchapa bure. Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yako. Nisamehe." Na akanyoosha mkono. Mwalimu mkuu alisimama pale amekasirika, kwa sababu wakati huo mwalimu hakuwa anaomba mtoto msamaha, ilikuwa ni kama kuvunja heshima ya ofisi nzima.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya toba tangu nilipookoka. Nimehubiri mengine mwenyewe. Lakini nikisikia neno "toba" bado naona ule mkono ukinyooshwa kwa mtoto mwenye shati lililochanika. Yule kijana sasa ni mzee kama mimi. Hajaokoka bado. Alikuja mazishini Jumamosi, akasimama kwa ua tangu asubuhi mpaka kaburi likafunikwa, na akashika koleo.

Jambo la pili nalisema kwa ruhusa, kwa sababu mjukuu mwenyewe alisimama na kulisema mbele ya umati, na baadaye akaniambia, "Andika." Wale waliokuwa watu wazima wakati huo watakumbuka miaka ile ya 1990. Ukimwi ulitangazwa janga la kitaifa mwaka wa 1999, lakini sisi tulikuwa tumeshachimba makaburi mengi kabla ya tangazo. Mwalimu alizika binti wawili. Alikuwa amestaafu, kwa sababu wakati huo mwalimu alistaafu akiwa na miaka 55. Hii ya 60 ilikuja 2009. Akabaki na pensheni kidogo, ng'ombe mmoja na wajukuu wanne, na mdogo kabisa alikuwa na virusi. Dawa za ARV zilipoanza kupatikana bila malipo katika hospitali za serikali, akampeleka.

Ninyi mnajua ni nini kilikuwa kinasemwa makanisani. Kwamba anayemeza dawa hana imani. Kulikuwa na wahubiri waliowaambia watu watupe tembe, na tuliwazika baadhi ya waliotii. Mwalimu alikuwa anafunga na kuomba kuliko wengi wetu. Lakini kila asubuhi na kila jioni, kama kengele, alitoa dawa, akaishika kiganjani, akaiombea kwa sauti mtoto akisikia, kisha akampa na maji. Alipoulizwa na mtu wa kanisa kama hiyo si kumwonyesha Mungu shaka, alijibu kwamba mkate pia tunauombea halafu tunaula.

Na kwa sababu alikuwa mwalimu mpaka kwenye mifupa, hakuacha saa hizo zipite bure. Alinunua saa ya ukutani. Akamfundisha yule mtoto kwamba mkono mfupi ukiwa kwenye 8, sisi tunasema saa mbili; tazama namba ya upande wa pili. Mtoto wa miaka mitano akawa ndiye anayemwambia nyanyake, "Kukhu, wakati umefika." Jumamosi alisimama kijana wa futi sita, ana kazi na mke, akasema, "Mimi nilijifunza kusoma saa kwa dawa zangu. Kukhu hakuwahi kunificha chochote." Umeona? Anatoa ule ushahidi wa Timotheo. Nyumba ile haikuwa na kinyago.

Sasa turudi kwenye Kumbukumbu la Torati 6. Musa anaagiza watoto wafundishwe tukiketi nyumbani, tukitembea njiani, tukilala na tukiamka. Neno la Kiebrania la kufundisha lililotumiwa pale wengi hulihusisha na kunoa. Kila mwenye panga anajua kunoa. Huwezi kupiga mara moja kwa nguvu ukasema imenoleka. Ni kwenda na kurudi kwenye jiwe, tena na tena, na maji kidogo. Ba-be-bi-bo-bu. Dawa ya asubuhi, dawa ya jioni. Kanisa letu linapenda moto wa kesha, na mimi pia naupenda, lakini hakuna kesha lililonoa mtoto.

Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo, zaidi ya watoto milioni moja waliingia shuleni kwa mkupuo. Madarasa ya hapa kwetu yalifurika mpaka wengine wakasomea chini ya miti. Mwalimu alirudi bila kuitwa na bila mshahara, akachukua wale walioshindwa kusoma. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge akaingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84, na moja ya sababu alizotoa ni kwamba alitaka kujisomea Biblia. Mama zetu hapa waliposikia habari hiyo redioni wakamfuata Mwalimu wakasema, na sisi je? Ndivyo ngumbaru ya Alhamisi ilivyoanza katika chumba cha mabati. Akina mama kadhaa wanaosoma gazeti hili leo walijifunza herufi pale, na wanajijua.

Waamuzi 2:10 ni mstari wa kutisha. Kizazi cha Yoshua kilikufa, na kilichofuata hakikumjua Bwana. Vita havikuwa vimewashinda. Kanaani walikuwa wameishi, wamekula mashamba yake, na watoto wakakua hapo hapo nyumbani bila mtu wa kuwaketisha. Mtoto wa leo tunampa simu ili tuabudu vizuri. Wengine wazazi wako Nairobi, wengine wako Saudia kutafuta riziki, na mtoto ameachiwa nyanya. Nyanya unayesoma hili, au unayesomewa, usijione umebaki nyumbani kama mlinzi wa mji. Unafanya kazi ya Loisi. Mjukuu anaona vile unavyoishi na jirani aliyekukosea, anasikia vile unavyoomba umeme ukipotea. Nanyi mlio mbali, mkipiga simu kutuma karo, mwombeeni mtoto akiwa kwenye laini, ajue kinachosemwa na Mungu nyumbani kwenu si cha nyanya peke yake.

Sasa nije kwa jambo la kwetu. Jumapili iliyopita, siku moja baada ya mazishi, watoto waliingia chumba cha mabati kama kawaida wakakaa kwenye mikeka. Walikaa karibu nusu saa. Hakuna mtu mzima aliyeingia, kila mmoja alidhani mwingine ameenda. Aliyekuja kutuambia ni msichana wa miaka tisa. Alikuwa amewapanga wenzake na anawauliza nani hajafika, kwa sababu ndivyo Mwalimu alivyokuwa anaanza.

Rejista yake iko kwa katibu wa kanisa. Ina majina 63. Wanaohitajika ni watu wanne, wawili kwa kila Jumapili wakipokezana, na si lazima wawe wamesomea ualimu. Mtu anayeweza kusoma Kiswahili na asiyekosa kuja bila taarifa anatosha. Watakutana Jumatano baada ya maombi ya mchana. Mkija, leteni vizibo vya soda. Vya Mwalimu vilivyobaki kwenye kopo havifiki arobaini.