SOMO: TUMWITE NDUGU ALE

Andiko: Mwanzo 37:23-28, 43:26-34



Tangu kambi yetu ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, tumezika ndugu huku ugenini, na wengine tuliwaacha Kongo bila kuwazika. Msiba umetuletea lawama: nani alimwacha mzee njiani, nani aliuza shamba. Mwishowe kila nyumba inapika na kula peke yake.

1. Kula bila undugu. Wana wa Yakobo walimtupa Yusufu shimoni, kisha wakaketi kula. Chakula kilikuwapo, undugu haukuwapo.

2. Chakula hutangulia maneno. Kule Misri, Yusufu aliwalisha ndugu zake kwanza, wakaketi kwa kufuata umri wao. Kujitambulisha kwao kulikuja baadaye, sura ya 45. Basi tusingoje kesi iishe ndipo tumwite ndugu. Aje ale, maneno yatafuata.

3. Fungu hupima moyo. Zamani kanzu moja iliwafanya wamchukie Yusufu. Sasa Benyamini alipewa mara tano yao, nao wakafurahi pamoja naye. Posho yetu ni kidogo, twajua; hapo ndipo moyo unapopimwa.

Kazi ya juma hili: kila nyumba imwite ndugu mmoja waliyenuniana naye. Mtoto amnawishe mikono, tule bugali na sombe katika sahani moja. Kabla ya kuomba, tuwataje kwa majina wale tuliowapoteza, maana ni wetu sote.

Swali: Ni ndugu gani hajala kwetu tangu msiba?