Njia Kwanza, Nguzo Baadaye

Kiwanja chetu kiko Kilosa, mkoani Morogoro, ndani kidogo kutoka barabara ya kijiji. Kabla ya kuchimba msingi tulianza na njia ya gari, kisha umeme. Mengi niliyojifunza hapo hayamo kwenye ramani ya nyumba, na anayejenga kijijini ni vizuri ayajue mapema.

1. Ruhusa ya njia iandikwe.
Njia yetu inapita pembezoni mwa shamba la bibi mmoja jirani. Alikubali kwa roho safi, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia, "Andikeni wanangu, mimi mtu mzima, na watoto wangu wako mjini." Tukamwita mwenyekiti wa kitongoji, upana ukapimwa kwa kamba, minyaa ikapandwa pande zote mbili, na nakala ya makubaliano ikabaki ofisi ya kijiji. Bibi yule aliona mbali kuliko sisi wote.

2. Yatazame maji kabla hujaita greda.
Hili ndilo ningelirudia kwa kila mtu. Subiri masika, vaa mabuti, utembee kwenye njia mvua ikiwa inanyesha. Utaona maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi na yanatokea wapi. Pale yanapokata njia ndipo pa kuweka kalavati. Ukiliweka mahali pengine kwa sababu panapendeza, maji yatachimba pao palepale. Katikati ya njia pawe juu kuliko kingo, na mitaro ya pembeni iwe na mwisho unaoeleweka, siyo kwenye mahindi ya jirani.

Udongo nao una tabia zake. Fundi wetu alichota konzi ya udongo mweusi wa mbuga, akaulowesha, akauviringisha kati ya viganja mpaka ukawa kamba nyembamba isiyokatika. "Huu ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka," akasema. "Ukimwaga moramu juu yake, masika yajayo umeizika." Tukauondoa pale ulipokuwa umejaa, tukajaza moramu kwa tabaka za sentimita 15 hivi, kila tabaka ikimwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya inayofuata. Fedha nyingi ya njia ilikwenda chini ya ardhi, mahali ambapo mgeni haoni, na sijutii hata senti.

3. Kona ipimwe kwa gari refu.
Nguzo ya umeme ya laini ndogo ina urefu wa mita 9 au zaidi. Gari linaloibeba halikati kona inayotosha bodaboda au hata tipa la mchanga. Ndiyo maana njia hutangulia. Tulipanua kona ya kuingilia mapema, na siku nguzo zilipofika hakuna mwembe wa mtu uliokatwa.

4. Ujue umbali, na ujue eneo lako limewekwa kundi gani.
Ada ya kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000. Mjini, kwa bei zilizoanza Januari 2022, ni 320,960 nyumba ikiwa ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo, na 515,618 ikihitaji nguzo moja. Kwa hiyo uliza kwanza TANESCO, shirika la umeme, wanakihesabu kijiji chako wapi. Hata ukilipia nguzo, nguzo ni ya shirika, na jirani anaweza kuvutiwa umeme kutoka hapo. Mimi nililifurahia hilo: yule bibi aliyetupa njia naye sasa ana taa.

5. Waya wa ndani usifanyiwe ubahili.
Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, maana ndiye atakayeithibitisha kazi ya waya unapoomba umeme. Msimamie anapochimbia fimbo ya athi. Ardhi kavu ya kiangazi hupitisha umeme vibaya, hivyo fimbo iende chini mpaka kwenye unyevu, isiishie pale jiwe la kwanza lilipoizuia.