Kuvu Waishio Ndani ya Mimea: Faida ya Vimeng'enya na Tahadhari kwa Afya

Baada ya mavuno katika mashamba ya Segese, Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, hubaki mabua ya mahindi na mpunga pamoja na mashina ya pamba. Sehemu ya masalia hayo huliwa na mifugo, na sehemu nyingine huchomwa moto. Hata hivyo, masalia hayo yamejaa sukari iliyofungwa, kwa kuwa selulosi, inayojenga ukuta wa seli ya mmea, ni mnyororo mrefu wa glukosi. Makala haya yanaeleza namna kuvu wanavyoufungua mnyororo huo, na kwa nini kazi hiyo haipaswi kuachiwa kuvu yeyote.

Kuvu hawa ni wa namna gani?

Mimea mingi inayoonekana kuwa na afya njema huhifadhi kuvu ndani ya majani, mashina na mizizi yake bila dalili za ugonjwa. Wataalamu huwaita endofiti. Ili kupenya na kujipatia chakula, wengi wao hutoa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Mmea unapokufa, baadhi yao huanza kuuozesha mapema, kwa kuwa tayari wamo ndani yake. Ndiyo sababu watafiti huwachunguza.

Vimeng'enya hufanyaje kazi?

Selulosi huvunjwa kwa hatua tatu. Kimeng'enya cha kwanza hukata mnyororo katikati. Cha pili humega ncha zake na kutoa vipande vya glukosi mbili mbili. Cha tatu huvigawa vipande hivyo kuwa glukosi moja moja, ambayo hamira huweza kuichachusha ikawa ethanoli. Kikwazo kikubwa ni lignini, inayoshikamana na selulosi kama gundi. Kwa hiyo viwandani mabua hulainishwa kwanza kwa joto au kemikali.

Kuvu mashuhuri zaidi katika kazi hii, Trichoderma reesei, alipatikana Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiharibu mahema ya pamba ya jeshi la Marekani. Leo vimeng'enya vyake hutumika katika viwanda vya nguo na vya chakula cha mifugo.

Tahadhari

Fusarium verticillioides huishi ndani ya mahindi, mara nyingi bila dalili. Huyu pia hutoa vimeng'enya vinavyovunja ukuta wa seli, lakini hutengeneza sumukuvu iitwayo fumonisini. Aspergillus flavus, anayeshambulia mahindi na karanga, hutengeneza aflatoksini. Mwaka 2016, aflatoksini iliwaugua watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafariki. Upishi wa kawaida hauiondoi sumu hiyo, na ng'ombe akilishwa nafaka yenye sumu, huipitisha katika maziwa.

Kiwandani, kimeng'enya hutenganishwa na kuvu na kupimwa kabla ya kutumika. Nyumbani hatuna uwezo huo. Kwa hiyo, mahindi yaanikwe juu ya turubai na yakauke vizuri kabla ya kuhifadhiwa, na yaliyoota ukungu yasiliwe wala kulishwa mifugo au kuku. Anayetaka kunufaika na masalia safi anaweza kuotesha uyoga wa mamama juu ya mabua ya mpunga yaliyochemshwa, akitumia mbegu kutoka kwa mzalishaji anayeaminika. Huyo naye ni kuvu mwenye vimeng'enya, ila tunda lake ni chakula.